Koki Upande wa Shangazi

Saa mbili na robo asubuhi fundi bomba alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya bafu, kalamu ya risasi sikioni, akipima kwa futikamba kutoka chini mpaka pale ambapo shawa ya umeme ingekaa. Fundi umeme alikuwa amekuja jana yake, akapitisha waya mnene kutoka kwenye boksi la fyuzi, akaziacha ncha zake zimejitokeza ukutani zikiwa na tepu nyeusi. Shawa yenyewe ilikuwa bado ndani ya kasha, juu ya kifuniko cha choo, na choo kilikuwa kinavuja. Hakikuwa kinamwaga maji sakafuni. Ni ule mchirizi mwembamba unaoteremka ndani ya bakuli mchana kutwa, ambao wenye nyumba huuzoea mpaka hawausikii tena. Fundi aliusikia kabla hajavua viatu.

Mtaani walimwita Haivuji. Alilianzisha jina hilo mwenyewe, kwa kuwaambia wateja kila mara kwamba kazi yake haivuji, na watu walipoanza kumwita hivyo kwa kumtania, yeye akalipokea kama cheti. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyemwita kurudia kiungo. Jambo hilo alikuwa akilisema hata kwenye misiba.

Mwenye nyumba alikuwa mstaafu wa ukaguzi wa mizani na vipimo, na kila mtu, mkewe akiwemo, alimwita Mkaguzi. Alikuwa na mkono wa birika usio na mfano, lakini safari hii hakubana. Mgongo wa mkewe ulikuwa umeharibika, na daktari alikuwa amesema aoge maji ya moto asubuhi na jioni bila kukosa. Kwa miezi miwili mama wa watu alichemsha maji jikoni na kuyabeba kwa ndoo mpaka bafuni, na kule kubeba ndoo kukawa ndiko kunakommaliza mgongo. Mkaguzi aliona hesabu hiyo haikai sawa, akanunua shawa.

"Kabla sijatoboa ukuta," Haivuji alisema, "tuone maji yako yana nguvu gani."

Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Shawa ya umeme ina tabia moja: maji yasipofika kwa nguvu yake, haiwaki, hata uibembeleze vipi. Aliweka ndoo ya lita kumi chini ya bomba la jikoni, akafungulia mpaka mwisho. Mkaguzi akashika saa yake kwa mikono miwili. Ndoo ilijaa baada ya dakika tatu na sekunde tano.

"Hayatoshi," fundi akasema. "Inataka lita tano kwa dakika, kwa uchache. Mtaa huu presha yake ndiyo hii?"

"Haya si ya mtaa. Ya mtaa tulikatiwa zamani. Haya ni ya dada."

"Ahaa. Maji ya mkono."

"Ndiyo."

"Ungeniambia kwenye simu, mzee. Ningekuja na bomba jembamba."

Mafundi bomba wanayajua maji ya namna tatu: ya mtaa, ya kisima na ya mkono. Ya mkono si mengi siku hizi, lakini yapo, hasa kwenye nyumba zenye ndugu aliyekuja kusaidia mara moja. Yana presha ndogo na ladha nzuri, hayaachi magamba kwenye birika, na sharti lake ni moja tu, kwamba hayafungiwi pampu. Kuna fundi aliyewahi kuyafungia pampu. Familia ile mpaka leo wanachota kwa jirani, na chumba cha yule ndugu wamekifanya stoo.

"Tukiweka pampu?" Mkaguzi aliuliza.

"Pampu hapana, mzee."

"Nimeuliza tu."

Wakapita jikoni, wakaingia chumba cha nyuma. Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali ili kilingane na bomba, maana bomba lilitoka ukutani kwenye kimo cha kifua, na mtu wa kulilalia alihitaji kulala juu. Asubuhi hii dada yake Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye kigoda kirefu kando ya kitanda, kiganja cha kulia kimefunika mdomo wa bomba, akikunja foronya kwa mkono wa kushoto na meno. Umri wake ulikuwa hamsini na kidogo. Midomo ilikuwa imepasuka, na visigino vyake vilikuwa na magaga ambayo ungeweza kuyatumbukizia sarafu. Ndani ya nyumba ile wengi walimwita shangazi, hata wasiokuwa watoto wa kaka yake, na fundi naye akafuata hivyo hivyo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, fundi. Samahani, sikupi mkono."

Aliusema mzaha huo kama mtu aliyeusema mara nyingi na bado anaupenda. Haivuji akacheka kwa adabu. Mkaguzi hakucheka, alikuwa anatafuta mahali pa kuweka ndoo.

Shangazi alikuwa amekuja miaka kumi na tisa iliyopita, wiki ile wifi yake alipojifungua na maji ya mtaa yakakatika. Kaka yake alimwambia ni siku mbili tatu, mpaka mambo yakae sawa. Akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Mambo yalikaa sawa, tena mapema, na kwa muda kulikuwa na mazungumzo ya kurudisha maji ya mtaa. Hakuna aliyekataa, ila kila mtu alikuwa amekwisha kuonja haya. Mwaka wa tatu kiganja kilishikana na bomba. Tangu hapo hapakuwa na la kuzungumza. Mtu akifungua bomba jikoni, bega la kulia la shangazi lilishuka kidogo, na akifunga, lilipanda. Walioishi naye hawakuliangalia bega hilo.

"Hana kazi nyingi," Mkaguzi alimweleza fundi, kwa sauti ya mtu anayemsifu. "Anakaa tu. Ngoja nikalete funguo za stoo."

Alipotoka, shangazi aliweka foronya kwenye mapaja.

"Wanataka ngapi?"

"Lita tano kwa dakika, shangazi. Chini ya hapo haiwaki."

"Kwa muda gani?"

"Mtu anaoga dakika kumi. Wengine kumi na tano."

"Wako watano." Alipiga hesabu. "Niliwahi kufika sita. Mtoto wao mdogo alikuwa na surua, homa haishuki, wakawa wanamwogesha usiku na mchana. Siku nne. Baadaye sikuona vizuri kwa mwezi mzima, lakini macho yalirudi."

Haivuji alikuwa anachunguza ukuta.

"Nitaweza," shangazi akaendelea. "Wifi ameumia, namsikia akiugulia. Lakini niwekee koki upande huu. Hapa, mkono wa kushoto ufike. Sitafunga ovyo. Nipumzike tu kati ya mtu na mtu. Na usiku, maana choo chao kile hakinyamazi. Usingizi ninaousikia ni wa wenzangu tu."

"Hujawahi kuwekewa?"

"Fundi wa kwanza alisema nafasi haitoshi."

Haivuji akapima kwa vidole. Kati ya kiganja na mahali bomba lilipoingia ukutani palikuwa na upana wa vidole vinne. Fundi wa kwanza alikuwa mvivu.

"Nafasi ipo."

"Utaniwekea?"

"Nitakuwekea, shangazi."

Alisema bila kusita, na akafurahi kusema. Ahadi nyingi ambazo mtu huombwa maishani ziko nje ya ujuzi wake, na hii ilikuwa ndani. Ilikuwa kazi ya robo saa.

Alianza na hiyo. Alimwambia ashikilie, shangazi akavuta pumzi na kusema ameshikilia, naye akakata bomba la zamani pale kwenye vidole vinne. Halikutoka hata tone. Akaingiza koki yenye kishikio chekundu, akakaza, kisha baada ya koki akafunga kiungo cha tii: mkono mmoja ukaendelea jikoni na chooni kama zamani, na mwingine ukaanza safari mpya, peke yake, mpaka bafuni. Shawa ya umeme haichangii bomba na mtu. Ukiichanganya na choo, mtu akivuta maji ya choo, anayeoga anaungua.

Saa nne na nusu bomba jipya lilikuwa limetokeza bafuni. Kabla ya kuunganisha shawa, aliyaacha maji yapite bure ndani ya ndoo, kutoa uchafu wa kukata. Yalitoka mabaki ya plastiki, kisha mchanga kidogo, kisha maji yenye chumvi, ambayo ni kawaida ya maji ya mkono yakikatwa na kufunguliwa upya. Alichovya kidole na kuonja mpaka chumvi ikaisha. Ndipo akaitundika shawa, akaiunganisha, akapima tena kwa ndoo. Dakika mbili kasoro sekunde mbili.

"Sasa hiyo ndiyo kazi," Mkaguzi akasema, na akauandika muda huo mahali.

Mke wa Mkaguzi aliingia bafuni na taulo na kiti cha plastiki, maana kusimama muda mrefu hakuwezi. Mara ya kwanza fundi hukaa upande wa maji, kuangalia viungo vikiwa vimebeba mzigo. Kwa hiyo Haivuji alikwenda chumba cha nyuma na tochi yake, akachuchumaa chini ya bomba. Shawa ikawaka. Ikatoa mvumo wake mwembamba kupitia ukutani, na bega la shangazi likashuka, likaendelea kushuka.

"Yana moto!" mama wa nyumba alisikika. "Yanafika mgongoni kabisa!"

Shangazi akatabasamu. Alionekana amefurahi kweli, na fundi akamulika viungo kimoja kimoja, vyote vikavu.

Dakika ya nne mashavu ya shangazi yalikuwa yameingia ndani. Dakika ya sita ngozi ya shingo ilianza kutoa sauti alipogeuka, sauti ya karatasi inayokunjwa. Dakika ya nane vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinapitisha mwanga wa dirisha, na fundi aliweza kuona kupitia hivyo mstari wa foronya iliyokuwa nyuma yake. Hakulalamika. Ng'ambo mama wa nyumba alikuwa ameanza kuimba.

Dakika ya tisa shangazi alinyoosha vile vidole na kukigeuza kishikio chekundu.

Bomba likanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza, pamoja na choo. Haivuji alikuwa bado amechuchumaa, kwa hiyo kitu cha kwanza alichokiona ni miguu. Magaga yalikuwa yanafunga. Yalifunga kuanzia ndani, taratibu, kisha visigino vikawa laini, kisha vifundo vikavimba kidogo na kurudi kwenye umbo lake. Akainua macho. Maji yalikuwa yanapanda ndani ya mwanamke yule, na mahali yalipofika palijulikana: magoti, kiuno, kifua. Midomo ikaziba nyufa zake. Yalipofika machoni, chozi moja lilitoka, zito, likashuka mpaka kidevuni, naye akaliacha lidondoke kama mtu mwenye akiba. Alikuwa mzuri wa sura. Haivuji aligundua kwamba huyu alikuwa mdogo kwa Mkaguzi kwa miaka mingi sana.

"Fundi!" mama wa nyumba aliita. "Maji!"

Shangazi alikuwa amefumba macho.

"Fundi, nina povu machoni!"

Nyayo za Mkaguzi zikasikika ukumbini, zikaenda bafuni, zikarudi. "Haivuji," alisema akiwa bado njiani, "ndiyo kazi gani hii? Hata siku haijaisha." Alisema kwa sauti ambayo jirani angeisikia, na dirisha la jirani lilikuwa wazi. Fundi aliinuka. Miaka ishirini na miwili ilimjia kwa mkupuo. Kitu cha kufanya kilikuwa kusema kwamba presha imeshuka, tusubiri dakika kumi. Hakuna mteja ambaye angebisha, na mama yule angepanguswa kwa taulo.

"Kazi yangu haina tatizo, mzee," akasema. "Imefungwa huku."

Mkaguzi akaingia, akaiona koki. Hakukasirika. Aliitazama kama alivyokuwa akitazama mizani za wauza nafaka.

"Dada, umefunga?"

"Nimepumzika kidogo, kaka."

"Mwenzio ana sabuni machoni."

"Najua. Nilikuwa nafungua sasa hivi."

"Na wageni wakija? Na mimi nikiwa katikati ya kuoga?" Akamgeukia fundi. "Koki isiwe huku. Ihamishie ukumbini, nitakuwa naifunga mwenyewe usiku."

Haivuji alitazama viungo vyake. Kuihamisha koki kulimaanisha kukata upya karibu na kiganja, ambapo palikuwa pamebaki upana wa kidole kimoja na nusu, na kiungo kilichobanwa hivyo hakina dhamana. Leo kingekaa, kesho kingekaa, mwezi ujao kingelia.

"Hakuna haja ya kuikata, mzee," alisema. "Nitaifungua mpaka mwisho, kisha nikutolee kishikio. Ni skrubu moja tu. Bila kishikio haigeuki kwa vidole."

Alisema haraka, kama asemavyo mtu anayeijua kazi yake, na alipokwisha kusema ndipo aliposikia alichosema. Aliona aibu. Ilimshika masikioni na mgongoni, aibu ya mtu mzima, ambayo haina pa kwenda. Lakini Mkaguzi alikuwa amekwisha kuitikia kwa kichwa, na ng'ambo ya ukuta mama wa nyumba alikuwa anaita kwa mara ya tatu, kwa hiyo akatoa bisibisi mfukoni. Shangazi alisogeza mkono wake wa kushoto ili apate nafasi ya kufanya kazi.

Skrubu ilitoka bila shida. Mkaguzi akakipokea kishikio, akakipima uzito kiganjani kwa mazoea, akaondoka nacho kwenda kukitundika kwenye msumari wa funguo.

Shawa ikawaka tena. Mama wa nyumba akaoga dakika kumi na mbili nyingine, maana alikuwa amepoa na ilibidi aanze upya. Fundi hakukaa kuangalia viungo. Alikwenda chooni, ambako hakuna aliyemtuma, akafungua tangi la choo, akatoa raba iliyokuwa imelegea, akatia mpya kutoka kwenye begi lake. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko kawaida. Alipomaliza alivuta maji mara moja ili kujaribu, kisha akajilaumu kwa kuvuta, kisha akasimama akisikiliza. Ule mchirizi ulikuwa umekoma.

Aliporudi kuchukua vyombo vyake, mama wa nyumba alikuwa ameshavaa. Alitembea ameinyoosha shingo, mkono mmoja kiunoni kwa mazoea tu, akiwa na glasi ya maji aliyoikinga kwenye bomba la jikoni.

"Mgongo umekuwa mwepesi, fundi, sijui nikwambieje," alisema. Akampelekea shangazi glasi midomoni, akamshikia. "Kunywa, wifi yangu. Umefanya kazi leo."

Shangazi akanywa nusu. Bega lake lilishuka wakati glasi ikiinuka, maana mtu mwingine alikuwa jikoni anaosha vyombo.

"Hana makuu huyu," mama wa nyumba akamwambia fundi kwa mapenzi ya kweli, akatoka na glasi.

Haivuji akakusanya msumeno, spana mbili, tepu, mabaki ya bomba. Alifanya polepole. Shangazi alikuwa ameegemea ukuta. Sasa mwanga wa dirisha ulipita kwenye mkono wake wa kushoto mpaka kwenye kiwiko, na sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba.

"Nimesikia choo kimenyamaza," alisema.

"Nimebadilisha raba."

"Asante."

"Nisamehe kwa koki, shangazi."

Alifikiri kidogo, si kwa ubaya. "Maji yalifika mpaka hapa," akasema, akionyesha chini ya macho kwa kidole ambacho hakikuonekana vizuri. "Nilikuwa nimesahau kwamba yanafika mpaka hapa. Nisogezee kigoda, kidogo tu, mkono usivutike. Hapo. Hapo hapo."

Alimsogezea, na kigoda kilikuwa chepesi kama hakina mtu. Akafunga begi. Bafuni Mkaguzi alikuwa anakohoa na kutundika nguo zake mlangoni. Zamu yake ilikuwa imefika. Fundi akasimama mlangoni, akitafuta namna ya kuaga mtu ambaye huwezi kumpa mkono.

"Kwako maji mnayo?" shangazi akamuuliza.

"Tunayo, shangazi."

"Yanatosha?"

"Yanatosha sana. Hayajawahi kukatika."

"Yanatoka wapi?"

Haivuji alifungua mdomo. Aliyafikiria mabomba yote aliyoyalaza kwa mikono yake, nyumba kwa nyumba, na akafikiria nyumba yake mwenyewe, ambayo aliirithi na mabomba yake yakiwa yameshafungwa ndani ya ukuta, na ambayo hajawahi kuyafuata mpaka mwisho.

"Bombani," akasema.

Shangazi akaitikia kwa kichwa, kama aitikiavyo mtu aliyeambiwa kwamba huko nyumbani wote hawajambo. Kisha shawa ikawaka, naye akageukia ukuta ili kiganja kikae vizuri.